Lalu Prasad wa Bihar: mkombozi wa wanyonge au mpigaji tu?

Wakuu, kila tukijadili mafisadi lazima atokee mtu wa "bora huyo, anakula lakini anatukumbuka". Leo tuipime hiyo hoja kwa mtu mmoja, Lalu Prasad Yadav wa jimbo la Bihar kule India. Msimamo wangu nautoa mapema: heshima aliyowapa wanyonge ilikuwa ya kweli kabisa, na hela zilizopigwa chini yake zilikuwa za wanyonge wale wale.

Jamaa kazaliwa 1948 kijiji cha Phulwaria, kwao ni Wayadav, jamii ya wafugaji wa ng'ombe. Kaka yake alikuwa mesenja kwenye chuo cha udaktari wa mifugo Patna na yeye mwenyewe aliwahi kuwa karani hapo hapo. Akaingia siasa za wanafunzi, harakati za Jayaprakash Narayan za 1974 za kuipinga serikali zikamkuta huko, na 1977 waziri mkuu Indira Gandhi alipoangushwa Lalu akaingia bunge la taifa hajafika hata miaka 30. Machi 1990 akawa waziri kiongozi wa Bihar, na mwanzoni wala hakuhamia nyumba ya serikali, alibaki kwenye vile vijumba vya wahudumu wa chuo.

Utasema maigizo, sawa, ila kumbuka Bihar ile mtu wa tabaka la chini kakaa kitandani nje ya nyumba yake mwenyewe, mwenye shamba akipita lazima ainuke. Halafu anatokea mkubwa wa jimbo zima anaongea Kibhojpuri cha kijijini, anafuga ng'ombe kwenye makazi ya serikali, anawatania mabwana hadharani na hakuna wa kumfanya kitu. Oktoba 1990 Advani wa BJP, chama cha Wahindu wenye msimamo mkali, anazunguka nchi na msafara wake kuelekea Ayodhya kudai hekalu lijengwe pale palipokuwa na msikiti, Lalu akamkamatia Samastipur, na Waislamu wa Bihar hilo hawakulisahau. Watu wakawa wanasema maadamu kuna kiazi (kwa Kihindi aloo, linaimbana na Lalu) ndani ya sambusa, Lalu atakuwepo Bihar.

Sasa upande wa pili. Januari 1996 pale Chaibasa ikagundulika idara ya mifugo inachota hazina kwa risiti feki, malisho hewa, dawa hewa, ng'ombe hewa, jumla inatajwa rupia zaidi ya bilioni 9. Wakaguzi wakafuatilia namba za malori yaliyodaiwa kubeba mifugo wakakuta nyingine ni za skuta! Yaani dume la ng'ombe limepakiwa kwenye pikipiki. Na idara yenyewe ni ya mifugo wakuu, ile ambayo mfugaji maskini wa Kiyadav ndo alikuwa anaitegemea. 1997 mambo yakamfika shingoni, akaanzisha chama chake cha RJD, akajiuzulu, kiti akamwachia mkewe Rabri Devi ambaye hajawahi kushika cheo chochote cha siasa. Hapo mnaitaje?

*

Mleta mada umeandika vizuri ila unaonea. Upigaji ule haukuanza na Lalu, ulikuwepo tangu serikali za chama cha Congress, na Jagannath Mishra, Mbrahmini yaani mtu wa tabaka la juu kabisa, aliyewahi kuwa waziri kiongozi kabla yake, alihukumiwa naye 2013. Ila angalia Desemba 2017 kesi ya hazina ya Deoghar, mojawapo ya kesi za malisho hayo hayo, Mishra kaachiwa, Lalu kapatikana na hatia. Mtu wa tabaka la chini pale Bihar anaisomaje hukumu hiyo? Na usikwepe reli, 2004 mpaka 2009 akiwa waziri wa reli shirika lililokuwa linachechemea likaanza kutangaza faida, nauli za abiria wa kawaida hakupandisha, akaleta Garib Rath ili maskini naye apande behewa lenye kiyoyozi, mpaka wanafunzi wa biashara wa Harvard wakaenda kumsikiliza.

*

Heshima gani mnayoisema jamani. Tarehe 1 Desemba 1997, Rabri yuko madarakani, genge la Ranvir Sena la wenye mashamba liliingia Laxmanpur Bathe usiku likaua watu 58, Wadalit, yaani wa chini kabisa kwenye matabaka, wanawake na watoto wadogo humo humo. Patna, mji mkuu wa jimbo, nako utekaji ukawa biashara, mwenye uwezo anahama. Miaka 15 mke na mume, barabara hakuna, umeme hakuna. Zile shule zake za watoto wachunga ng'ombe ambazo dunia ilizisifia ziliishia wapi?

*

Naungana na wa mwisho hapo juu, na Bathe ndo inaniumiza kuliko hata hizo bilioni, maana mtu ukishamwambia asimame wima ni lazima uwe na polisi wa kumlinda siku mabwana wakija kulipiza, na polisi hao Lalu hakuwajenga.

Mkuu wa reli, faida ilitoka zaidi kwenye mizigo, waliruhusu mabehewa yabebe tani nyingi kuliko zamani na yazunguke haraka, ni akili nzuri sijakataa, ila Mamata Banerjee alipochukua wizara 2009 alitoa ripoti akasema ile ziada ilikuzwa kwenye vitabu. Kuhusu Mishra nakubali inanuka. Lakini waziri wa fedha wa jimbo miaka ile alikuwa Lalu mwenyewe, sasa hazina inachotwa miaka nenda rudi wewe umeshika funguo hujui?

*

Mnawasahau wapiga kura. 2013 kafungwa, kapoteza ubunge, kazuiwa kugombea, halafu 2015 RJD ikachukua viti 80, wa kwanza kwa vyama vyote Bihar. Hao watu walijua habari ya malisho kuliko sisi tulioko huku.

*

Walijua ndiyo, na wakampa, kwa sababu mbadala waliouona ni kurudi kusimama mwenye shamba akipita. Mwaka 2025 chama kile kile chini ya mwanae Tejashwi kimepata viti 25 kati ya 243, maana wapiga kura wengi sasa ni vijana waliokuta tayari wazazi wao wanakaa kitandani bila woga, wanachotafuta wao ni ajira, na wengine wameshapanda treni kwenda kutafuta kibarua Delhi na Punjab.