Mashabiki wa Queen, Oktoba 1984 mnaificha ya nini?

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo ninalo tangu juzi usiku, nimeshindwa kulala vizuri, nimeona bora nilitoe hapa kuliko kubaki nalo kifuani maana nimekereka kweli kweli.

Niko (au nilikuwa) kwenye grupu moja la WhatsApp la mashabiki wa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza aliyokuwa anaimba Freddie Mercury, wengi humo ni watu wa Dar na Unguja na wachache wako Uingereza na Oman, nimekaa humo mwaka wa nne sasa. Juzi jamaa mmoja akaanzisha mada tamu sana, kila mtu aweke kumbukumbu yake ya ziara za Queen nje ya Uingereza, uwe ulikuwepo, ulisimuliwa au uliona tu kwenye video. Aisee watu walimiminika. Mmoja akaleta Japani 1975, wale vijana wamefika uwanja wa ndege Tokyo wakakuta mashabiki kama 3,000 wanawasubiri na kwao Uingereza walikuwa bado wanahangaika na madeni. Mwingine Budapest Julai 1986, uwanja wa Népstadion umejaa, pazia la chuma la kuitenga Ulaya ya kikomunisti bado liko, na Freddie anaimba wimbo wa kienyeji wa Wahungari huku maneno kayaandika kwenye kiganja. Dada mmoja akaweka klipu ya Buenos Aires 1981, uwanja wa Vélez Sarsfield, "Love of My Life", mpiga gitaa wao Brian May ana gitaa tu na Freddie amenyamaza kabisa anawasikiliza, uwanja mzima unaimba Kiingereza watu ambao nyumbani wanaongea Kispanyola. Hiyo klipu mimi nimeiangalia labda mara mia na bado nywele zinanisimama. São Paulo wiki chache baadaye, Morumbi, watu 131,000 usiku mmoja tu, bendi moja, wamekuja kuwaona wao. Rio Januari 1985 ndo usiseme.

Mimi nasoma nafurahi, naweka mioyo kila komenti. Afu nikaanza kuangalia mpangilio. 1981 ipo, 1982 ipo, Ulaya 1984 ipo wakamaliza Vienna mwisho wa Septemba, halafu hop, Rio Januari 1985. Komenti zaidi ya mia mbili na hakuna hata mtu mmoja, HATA MMOJA, aliyegusa walikuwa wapi Oktoba.

Nikaandika mistari mitatu tu. Nikasema tusisahau Sun City, kule kwa Makaburu wa Afrika Kusini, Oktoba 1984, hasa sisi watu wa huku, na hiyo nayo ni kumbukumbu. Basi. Sikutukana mtu, sikusema bendi mbaya, sikusema watu waache kusikiliza.

Haikupita dakika kumi nikashambuliwa kama nimeingia msibani na ngoma. "Acha siasa." "Mbona Elton John alienda, Rod Stewart alienda, Sinatra alienda." "Freddie ni mtoto wetu wa Unguja kwa nini unamchafua." "Wazungu wenyewe wameshasahau wewe ndo unakumbusha." Mmoja akaniambia mimi nina chuki na Wazanzibari, mimi ambaye bibi yangu mzaa mama kazikwa Mwanakwerekwe, Unguja! Admini akafuta komenti yangu, nikauliza kwa ustaarabu kwa nini imefutwa, akanitoa grupu. Miaka minne, imeisha hivyo.

Sasa kwa kuwa huku sitolewi kwa kutaja tarehe, ngoja niseme yote.

Sun City ilikuwa ni kasino na hoteli za kifahari zilizojengwa Bophuthatswana, na Bophuthatswana haikuwa nchi. Ni vipande vya ardhi vilivyotawanyika ambavyo Makaburu walivitangaza kuwa "nchi huru" 1977 ili Watswana wavuliwe uraia wa Afrika Kusini, yani mtu kazaliwa Johannesburg, baba yake kazaliwa Johannesburg, anaambiwa kuanzia leo wewe ni mgeni hapa una nchi yako kule. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua ukiacha Afrika Kusini wenyewe na vile vijinchi vingine vya kutengenezwa. Kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini, hivyo wenye pesa wa Johannesburg na Pretoria wanaendesha gari kama masaa mawili wanafika "nchi ya nje", wanacheza kamari, wanaangalia nyota wa Ulaya na Marekani, jioni wanarudi nyumbani. Ile pesa kubwa waliyokuwa wanalipwa wasanii ilikuwa ya nini kama sio kuifanya hiyo sehemu ionekane nchi kweli? Ndo maana neno "watazamaji walikuwa wamechanganyika" linanichoma. Najua Queen walijitetea hivyo, kwamba wao sio watu wa siasa na wanapiga kwa yeyote anayekuja. Lakini kuchanganyika kwenyewe ndo yalikuwa maonyesho, mwangalie, huku weusi na weupe wanakaa pamoja, Bophuthatswana iko huru, nani kasema tunabagua!

Na walijua. Msiniambie hawakujua. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilishaomba wasanii wasusie Afrika Kusini tangu Desemba 1980, na kamati yao ya kupinga ubaguzi ilikuwa inatunza orodha ya wanaokwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa na msimamo wake kabisa, na waliporudi kiliwatoza faini.

Angalieni na mwezi wenyewe jamani. Septemba 3 watu wa Sharpeville na Sebokeng na mitaa yote ile ya Vaal waliingia barabarani kwa sababu ya kodi za nyumba, wakaanza kuuawa. Oktoba mwanzoni Queen wako jukwaani Sun City, usiku wa kwanza sauti ya Freddie ikamkatika, shoo kadhaa zikafutwa, hii habari ya sauti mashabiki wanaijua sana na ukiwauliza watakusimulia mpaka daktari alisema nini. Oktoba 16 Askofu Desmond Tutu anatangazwa mshindi wa Nobel ya Amani, Queen bado wako kule. Oktoba 23 wanajeshi na polisi 7,000 wanaingia Sebokeng nyumba kwa nyumba. Yani mtu anakumbuka koo la Freddie lilivyouma halafu Sebokeng hajawahi hata kuisikia. Hapo ndo hasira yangu ilipo.

Kwa nini inanigusa mimi binafsi. Nimekulia Morogoro. Marehemu mzee wangu alikuwa fundi mwashi, alipiga kazi Mazimbu kule walikokuwa wanaishi Waafrika Kusini wa ANC, chama chao cha ukombozi, lile shamba la zamani la mkonge ambalo serikali yetu iliwapa wakajenga shule, wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu Aprili 1979. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, na makaburi yao bado yapo pale. Wale vijana sisi tuliwaita makomredi. Na hii nchi wakati huo hata sisi wenyewe tulikuwa hatuna kitu, vita vya Kagera vimetukausha, sabuni ya mche unapanga foleni, sukari ukiipata unaificha. Lakini wao walikula, walisoma, na redio yao ilirushwa kutoka Dar, ile inayoanza na milio ya risasi, mzee alikuwa anatuambia tunyamaze isikike.

Kuna komredi mmoja alizoea kuja kwetu Jumamosi, alimpenda mzee kwa sababu alimfundisha kupiga lipu. Alitoka Soweto 1976 akiwa na miaka 16 na tangu hapo hakuwahi kumuona mama yake. Jina sitaliandika. Kaka yangu alikuwa na kaseti ya Queen, aliipata kwa rafiki yake mmoja wa Upanga, kaseti ya dakika 90, juu ya lebo kaandika Q-U-E-E-N kwa kalamu ya bluu, herufi zimeanza kufifia kwa jasho la mikono. Ilikuwa inapigwa nyumbani asubuhi mpaka jioni, mkanda ukilegea unauzungusha kwa penseli unaendelea. Mimi ndo nilipowapendea hapo, nikiwa mdogo, Kiingereza sikijui lakini naimba.

Hiyo Jumamosi, ni 1985, siku yenyewe siikumbuki lakini mvua ilikuwa imekatika na Uluguru kote kuna ukungu, komredi kakaa barazani ana sahani ya mihogo ya kuchemsha, kaka akawasha redio kaseti. Komredi akasikiliza kidogo. Akaweka sahani chini, akainuka, akabonyeza kitufe, akaitoa ile kaseti akaishika pande zote mbili akasoma ile lebo. Akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kuvunja vunja, "Hawa walikwenda kwa Kaburu. Mwaka jana." Kaka akakataa, akamwambia hapana komredi hawa ni Waingereza, na huyu anayeimba ni mtu wa hapa hapa, kazaliwa Zanzibar. Komredi akauliza, "Wa Zanzibar?" Kaka akasema ndio. Akauliza tena vile vile, taratibu, "Wa Zanzibar?"

Kaka hakujibu mara ya pili. Komredi akaiweka kaseti juu ya mkono wa kiti, akamalizia muhogo wake, akanawa, akamuaga mama, akaondoka. Aliendelea kuja Jumamosi nyingine na hakuligusia tena. Ila kaka alikuwa akimuona anakatiza kona ya mwembe anakimbia kuzima redio, na hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Mimi hicho kitu ndo kumbukumbu yangu ya ziara ya Queen. Sikuwepo Buenos Aires. Sikuwepo Rio. Bendi haikuwahi kupiga hapa kwetu, hapa Afrika Mashariki hatukuwahi kuwaona jukwaani, shoo waliyoileta Afrika wakati wa Freddie ni ile, pale, na wale wa nchi ile waliokimbilia kwetu walikuwa wamekaa barazani kwetu wakati inapigwa. Sasa mtu anayekaa Mikocheni au Malindi ya Unguja ananiambia hiyo sio kumbukumbu ya shabiki, ni siasa. Kumbukumbu ni za nani basi, za Wajapani na Waajentina peke yao?

Na mkumbuke Argentina 1981 yenyewe ilikuwa chini ya majenerali, watu wanapotea, hiyo mnaiandika kwa madaha kabisa kwamba vijana wa kule walipata kupumua usiku mmoja. Sawa, nakubali, walipumua. Lakini kule hakuna waliokuwa wanaidanganya dunia kwamba kiuwanja cha kamari ni nchi, na hakuna wito wa wanyonge wenyewe kwamba msije. Afrika Kusini wito ulikuwepo, walioomba wasije ni wenye nchi.

Msininukuu vibaya. Najua kuhusu ile rekodi ya shoo waliyoitoa kule mapato yaende shule ya watoto viziwi na vipofu. Najua Brian May alikwenda Soweto. Najua Novemba 2003 yeye na mpiga ngoma wao Roger Taylor walipiga Cape Town kwenye tamasha la 46664, namba ya mfungwa ya Mandela, na Mzee Mandela alikuwepo pale mwenyewe, niliangalia kwenye TV nikalia machozi na sioni aibu kusema. Yote hayo yaandikwe! Lakini mnachofanya nyie mnamchukua Mandela wa 2003 mnamtumia kumziba mdomo mtu anayetaja 1984. Na hilo la "wengine walienda" lina majibu, wengine pia walikataa, 1985 walikusanyika kina Springsteen, Miles Davis, Bob Dylan, Run-DMC wakatoa wimbo mzima wa kusema hatupigi Sun City. Na wao wangeweza kupanda ndege zile zile.

Miezi tisa baada ya Sun City, Julai 13, 1985, Wembley, Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, dakika kama ishirini ambazo kila shabiki anazijua kwa moyo. Mimi pia nazijua kwa moyo. Nawapenda hawa watu wakuu, mwanangu wa kwanza nilimlaza kwa nyimbo zao, kila Septemba 5, siku aliyozaliwa Freddie, nikiwa Unguja napita Shangani nasimama kidogo. Nimechukia kwa sababu nawapenda, ingekuwa bendi nisiyoijali nisingekesha.

Nyie mnaoniambia namchafua Freddie, Freddie alikwenda kwa miguu yake, na alijua alikozaliwa. Niachieni na mimi nilijue hilo bila kufutwa.

Humu najua kuna watu wa Moro. Kama ulikuwepo Mazimbu au Dakawa, ile kambi nyingine ya ANC, miaka hiyo, au ulikuwa Afrika Kusini Oktoba 84 upande wowote ule, hata kama uliingia ule ukumbi ukaiona shoo, andika hapa nitasoma kila neno. Na wale admini nawajua mnapita humu, sihitaji kurudishwa kwenye grupu. Rudisheni ile komenti pale ilipokuwa, kati ya Vienna na Rio.