Nimechoka kupewa udaktari wa gemu kisa mi dada, alafu Genji, karakta wa kuua, anachukuliwa na mtu asiyejua hata kukimbia

Wakuu habari za muda huu, hasa nyie wa Mbeya mjini, Iringa, Njombe, Tukuyu na Songwe mnaocheza gemu za timu za kurushiana risasi, iwe Free Fire kwenye simu au Overwatch na Apex kule gemu senta. Uzi huu ni wa malalamiko, nitasema kila kitu isipokuwa majina ya watu na jina la senta, wenyewe wakisoma watajijua.

Lalamiko langu ni hili: kwenye timu zetu mtu hachagui karakta kwa jinsi anavyocheza. Anachagua kwa sababu karakta ni maarufu, au kwa sababu yeye ndo kalipia lisaa, na mimi nachaguliwa karakta kwa sababu ni mwanamke. Yani nikikaa tu, pedi ya gemu sijaishika, nasikia "dada we chukua Mercy utatutibu huko nyuma". Kila siku. Wanaosema hivyo wameshaniona nikicheza, sio kwamba ni wageni, wananijua kabisa nachezaje na bado wanasema.

Mi sio mtu wa nyuma. Nacheza mbio mbio, naingia wa kwanza, napiga kwa karibu, natoka kabla hawajageuka. Kwenye Overwatch mtu wa namna hiyo karakta wake ni Tracer, ana uhai kidogo sana lakini ana miruko mitatu ya kupotea hapa akatokea pale, na ana skili ya kurudi pale alipokuwa sekunde 3 zilizopita na uhai aliokuwa nao muda ule. Zile bastola zake ukiwa mbali hazifanyi kitu, lazima uwe mtu wa kusogelea na kichwa chako kihesabu kila muda nimebakiza miruko mingapi na natokea wapi. Hiyo hesabu mi naipenda, ndo raha yangu ya gemu.

Mercy ni kazi nyingine kabisa. Macho yako yapo kwa wenzako muda wote, fimbo unawaelekezea wao, mstari wa njano unatibu, wa bluu unaongezea risasi zao nguvu, ukishambuliwa unarukia kwa mwenzio ndo upone. Inataka mtu mtulivu anayeona uwanja mzima na asiyeumia roho kukaa mechi nzima bila kuua mtu. Nawaheshimu sana wanaomcheza vizuri, na wanaomcheza vizuri kwa Mbeya hii nawajua, ni wachache, na mmoja wao ni kaka mkubwa tu mwenye ndevu ambaye hakuna anayemuuliza kwanini anacheza Mercy. Sasa mbona mi naambiwa ni "ya kina dada"?

Alafu nani anachukua nafasi ya kuua? Jamaa mmoja hivi, mtu mzuri tu nje ya gemu, ila anang'ang'ania Genji kwa sababu kaona video YouTube mtu anatoa panga anafyeka timu nzima. Genji sio panga tu jamani. Genji ni kupanda kuta, ni kukinga na kurudisha risasi kwa muda mfupi sana ambao ukikosea umekufa, ni ule mpito wake wa kuchana katikati ya watu ambao unarudi haraka pale tu adui anapodondoka, maana yake usipoua huna pa kutokea. Huyu kaka yetu kwa asili ni mtu wa kusimama. Anashika kona, anasubiri, hapendi kukimbia, akivamiwa hageuki anapigana hapo hapo. Hiyo sio tabia mbaya! Hiyo ni tabia ya tanki kabisa, yule anayesimama mbele kukinga wenzake. Kuna siku mwenzetu wa tanki alichelewa, mvua ilimkamatia Kabwe, ikabidi yeye achukue Reinhardt, yule mwenye ngao kubwa na nyundo. Wakuu, tulitembea nyuma ya ile ngao mpaka mwisho wa ramani, kila mtu alikuwa salama, mi nilikuwa nazunguka pembeni na Tracer wangu nawavuruga, tukashinda safi. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake amelipia yeye lisaa, karudi kwa Genji, na mimi nikaambiwa nirudi kwa Mercy. Yani ushahidi wameuona kwa macho yao na wameuacha pale pale kwenye kochi la senta.

Na hili la kulipia naliongelea kabisa. Aliyelipia lisaa achague kiti, achague hata TV ya kukaa, achague ramani kama inawezekana. Kumpangia mtu mwingine mikono yake ifanye nini, hiyo hakuilipia.

Twende Free Fire maana huko ndo wengi tupo. Wiki iliyopita tulicheza rumu (mechi ya kupanga wenyewe) na skwadi ya Iringa, Clash Squad, wanne kwa wanne. Mnajua Free Fire unavaa skili za karakta, moja ya kubonyeza na tatu zinazojifanyia kazi zenyewe, kwahiyo nafasi ya kujipanga kulingana na uchezaji wako ni kubwa mno. Sasa sikilizeni timu yetu ilivyokuwa. Mmoja ni snaipa, anakaa mbali na AWM yake, mwendo wake wote kwenye raundi ni kutoka nyuma ya gloo moja (ule ukuta wa kujikinga) kwenda nyuma ya gloo nyingine, alafu kavaa Kelly ya kuongeza mbio. Mbio za kwenda wapi? Mwingine anakimbilia watu na shotgani na hana skili hata moja ya kumsaidia kubaki hai akishafika. Mi nataka kuingia na shotgani, naambiwa hapana, vaa Dimitri, kaa nyuma, subiri watu wadondoke.

Dimitri simkatai. Anaweka duara, mkiwa ndani mnapona, na aliyenokiwa, yani kadondoshwa ila hajafa, akiwa ndani anaweza kujiinua mwenyewe. Lakini lile duara halitembei, ukishaliweka limebaki hapo hapo. Ni skili ya timu inayoshikilia sehemu moja kwa pamoja. Wenzangu wamesambaa ramani nzima kila mtu na njia yake, duara namuwekea nani? Kama timu ni ya watu wa kukimbia ovyo basi angalau mtu avae Alok, maana ule mzingo wake wa kutibu na kuongeza mwendo unatembea naye, walio karibu naye wanafaidi huku wanaenda. Nililisema hilo kwenye maiki kabla ya mechi kuanza. Nikajibiwa "we dada tibu tu".

Wale wa Iringa hawakutuzidi mikono hata kidogo, nasema ukweli. Walichotuzidi ni kwamba kila mmoja alikuwa kavaa kitu cha uchezaji wake. Kulikuwa na mmoja anapenda kuchokoza kwa mbali, hakuwa na haraka ya kuua, kavaa Moco, kila akimgusa mtu wetu kwa risasi wote wanne wanaona kajificha wapi, basi wanamjia wawili kulia wawili kushoto. Tukalala raundi 4 kwa 1. Na lawama zote nani kapewa? Mimi, eti daktari hakutibu. Niliumia sana ile jioni, sio kwa kufungwa, kufungwa kupo, niliumia kwa kusemwa kwenye kazi ambayo sikuichagua na niliwaambia kabisa haitafanya kazi.

Sasa nije kwa wale wenye imani kwamba anayeua ndo mchezaji na wengine ni wasindikizaji. Hivi mnaijua GOATS? Overwatch ya mashindano mwaka 2018 kwenda 2019, mfumo uliotesa timu kubwa zote ulikuwa tanki watatu na saporti (wa kutibu na kusaidia) watatu. Damaji, yani wa kuua, hakuna hata mmoja! Wanaingia kwa pamoja kama ukuta, wanatibiana, wanakusaga. Iliwashinda watu mpaka Blizzard wenyewe, wenye gemu, mwaka 2019 wakafunga majukumu, kila timu tanki wawili, damaji wawili, saporti wawili. Kisha Oktoba 2022 ilipokuja Overwatch 2 wakatoa tanki mmoja tukabaki watano. Maana yake sa hivi mkimpa tanki mtu asiye na moyo wa tanki hakuna wa kumfidia, mechi imeisha kwenye kuchagua. Na bado nyie tanki mnampa aliyekuja mwisho, kama adhabu ya kuchelewa.

Na hii mnayosema "saporti haitaki kulenga" ndo inanipandisha presha zaidi. Kuna karakta wa saporti jina lake Ana, anatibu kwa bunduki ya kulenga mbali! Ukikosa risasi mwenzio anakufa, ukivamiwa huna skili ya kukimbia hata moja, una ule mshale wa kulaza mtu usingizi na lazima umpate anayekurukia usoni. Mpe huyo Ana mtu aliyemchagua kwa kukimbilia "kazi rahisi" uone. Upande mwingine Lúcio naye ni saporti, na yeye anateleza juu ya kuta, anaongeza timu mwendo, anasukuma watu shimoni, ni karakta wa mtu mwenye fujo kama mimi. Ndo maana nasema hata jukumu peke yake halitoshi kumjua mtu. Saporti wapo wa kutulia na wapo wa vurugu. Tanki wapo wa kusimama kama Reinhardt na wapo wa kuruka kwenye migongo ya maadui kama Winston. Mngeniambia kwa heshima "dada leo tumepungukiwa saporti, unaweza?" ningewajibu sawa, nachukua Lúcio, na mngefurahi. Hamuulizi. Mnapanga.

Kuna rafiki yangu wa chuo ana kompyuta anacheza Valorant, gemu nyingine ya risasi, ugonjwa ni ule ule, kila mtu anataka karakta Reyna. Reyna anajitibu kwa roho za watu waliokufa alioshiriki kuwaumiza, na hatibu mwingine yeyote. Kama wewe ni mtu wa kuua mmoja kwa kubahatisha, ukiwa na Reyna unakuwa umeiletea timu mtu mtupu, bora ungechukua Brimstone ukawamwagia wenzio moshi kwenye njia wakaingia salama.

Na nyie mnaoamini mwanamke hana mikono ya kulenga, mtafuteni Geguri, dada wa Korea Kusini anayecheza Overwatch. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 17, anacheza tanki Zarya kwa kiwango ambacho wachezaji wa kulipwa walidai anadanganya kwa programu inayomlengea. Blizzard wakasema hana kosa, na yeye akaenda studio akacheza laivu, kamera zikiwa kwenye mikono yake, watu wakanyamaza. Mwaka 2018 akasajiliwa Shanghai Dragons akawa mwanamke wa kwanza kwenye Overwatch League, ligi ya kulipwa ya gemu hiyo. Na kasajiliwa kama tanki! Hakuna kocha aliyemwambia nenda kashike fimbo ya Mercy kisa we ni binti. Walimuangalia anachezaje wakampa kazi yake.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuniambia gemu tu hiyo usichukulie siriasi. Ndugu, nalipia lisaa kwa hela yangu ya matumizi, nanunua bando, natoka Iyunga kwa bajaji kwenye baridi hii ya Juni ya Mbeya mnaijua wenyewe, nakuja kucheza kitu ninachokipenda. Kwanini nisikichukulie siriasi? Wewe hukasirikagi timu yako ikipanga kikosi kibovu?

Mnaotaka kujua karakta gani anawafaa msianzie YouTube, anzieni kwenye vifo vyenu. Angalia unakufaje. Kama kila siku unakufa peke yako mbele wenzio wako nyuma sana, we ni mtu wa kuingia, tafuta mwenye skili ya kutokea, acha wasio na miguu. Kama huwa unabaki wa mwisho unazungukwa, maana yake unaogopa kuingia lakini unajua kujificha, hapo kuna snaipa au mtu wa kutafuta taarifa ndani yako. Kama unakufa ukiwa unamkimbilia mwenzio aliyenokiwa hata kama huna nafasi ya kumfikia, basi we roho yako ni ya udaktari, mwanamke au mwanaume, na tafadhali chukua hiyo nafasi maana tunakutafuta. Na wale ambao mikono haijakaa sawa kwenye kulenga sio dhambi, yupo Moira wa saporti, yupo Winston na ile silaha yake ya umeme, mtaisaidia timu kuliko kukaa na snaipa Widowmaker mechi nzima risasi zinapiga paa.

Mi nimeshatoka kwenye ile skwadi, nimeondoka na kwenye grupu la WhatsApp jana usiku. Natafuta watu wanne wa Overwatch na watatu wa Free Fire, Mbeya mjini, jioni baada ya saa kumi na moja na wikendi. Nahitaji tanki anayependa kusimama mbele kwa hiari yake, saporti wawili ambao hawajalazimishwa, na mwenzangu mmoja wa damaji anayejua kupiga akiwa mbali kwa sababu mi nitakuwa karibu. Maiki lazima, matusi hapana, na kila mtu analipia kiti chake. Wa Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, hata Uyole njooni inbox, na meseji ya kwanza niandikie unachezaje na huwa unakufaje, sio ranki yako.