Mrejesho: lile sinki la jikoni kwenye boti ya tanga

Wakuu nimerudi. Niliuliza niweke masinki mawili au moja kwenye jiko la boti yangu, nikawa nang'ang'ania mawili mapana kama ya nyumbani. Mlinipinga na mlikuwa sahihi, nakubali.

Nimeweka moja, dogo ila refu kwenda chini kama sentimita 25, na nimelisogeza karibu na katikati ya boti, maana lile la zamani lilikuwa ubavuni, boti ikilala upande kwa upepo maji ya bahari yanapanda kwenye bomba la kutolea yanajaa hadi sakafuni, mi nilidhani bomba limeziba kumbe sinki lenyewe liko chini ya usawa wa bahari! Valvu ya lile tundu la chini ya boti, linapotokea maji ya sinki kwenda baharini, bado naifunga tukianza safari, sitaki mchezo.

Pampu za mguu ndo raha. Moja ya maji matamu ya tangi, moja ya maji ya chumvi ya bahari, naosha kwa chumvi nasuuza kidogo tu na ya tangi, mikono iko huru.

Sehemu ya kukaushia vyombo sina, vinakaa humohumo sinkini. Tukiwa njiani afadhali humo kuliko kaunta.