Raki kwenye raga: kuweka kiganja mgongoni mwa mwenzako kunatosha kusema umejiunga?

Namba7
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa mnaopuliza kipenga. Mchezaji kaangushwa, mpira uko chini, watu wa pande zote mbili wamesimama juu yake wanasukumana, yaani raki. Mlinzi mmoja yuko ubavuni mwa raki, usawa wa kiuno cha mwenzake, kiganja kakilaza mgongoni mwa huyo mwenzake, macho yote kwa namba 9 wa wapinzani, yule anayeutoa mpira kwenye raki. Mpira ukiinuliwa tu, anafyatuka na kumkaba. Refa mmoja anaacha, mwingine anatoa penalti. Nani yuko sahihi? Na mstari wa kuotea, ule ambao asiye ndani ya raki hatakiwi kuwa mbele yake, unapita kwenye mpira au kwenye miguu?

Kipenga
Penalti, mkuu. Kiganja peke yake si kushika. Kushika kwenye sheria ni kumkamata mtu barabara, kati ya mabega na nyonga, mkono mzima ukiwa umegusana naye kuanzia kiganja mpaka bega. Unaweza kumshika mwenzako au mpinzani. Huyo wa kwako kiwiko chake kinaelea hewani, bega liko mbali, kwa hiyo hayumo ndani ya raki. Na kama hayumo, ana njia mbili tu: ajiunge ipasavyo au arudi nyuma ya mstari, tena mara moja.

Mstari haupiti kwenye mpira. Kila timu ina wake, unaoenda sambamba na mstari wa trai (ule wa kufungia) na kupita kwenye sehemu ya nyuma kabisa ya mwili wa mshiriki yeyote wa raki upande wake. Mara nyingi ni kisigino cha mtu wa mwisho. Usawa wa kiuno cha mwenzake maana yake kaotea karibu hatua nzima. Hata kujiunga kwenyewe ni kwa kutokea nyuma ya mstari: unaruhusiwa kuwa sambamba na mtu wa mwisho, si mbele yake. Alama ya penalti iwekwe kwenye mstari wa kuotea wa timu iliyokosa, si pale namba 9 alipoangukia.

Mstari wa Pembeni
Nakubaliana na Kipenga, ila nitetee kidogo wanaoacha. Mpira ukitoka kwenda upande wa pili na huyo mlinzi hakumfanya namba 9 asite wala kubadili pasi, kupuliza ni kuua mchezo bure. Mwambie mapema, kabla mpira haujatoka: "Saba, rudi!" Lakini hapa kamkaba namba 9. Hakuna cha kujadili.

Kinachowaponza marefa wengi ni macho kubaki kwenye mpira. Tazama kwanza kama aliyekaba ameachia na kuondoka, halafu anayepora mpira, yaani anayejaribu kuunyakua kwa aliyeangushwa, kama anajibeba kwa miguu yake, halafu wanaoingia wanatokea wapi. Ukishaona timu moja imeupata mpira, inua kichwa uwatazame walinzi. Wanaoiba hatua huiba wakati huo.

Kipenga
Niongeze kuhusu wanaosafisha raki, yaani wanaowaondoa wapinzani juu ya mpira, maana sheria ya kushika ina uzito zaidi hapo. Mkono utangulie au ufike pamoja na sehemu nyingine yoyote ya mwili. Anayekuja mbio mkono umebanwa mbavuni, bega likapiga kwanza, amevamia, hata kama baadaye mkono unafunguka na kukumbatia. Angalia kiwiko sekunde ile ya kugusana. Akigusa juu ya mstari wa mabega ni kosa jingine, na kichwa kikiguswa fikiria kadi. Tangu Julai 2024 pia hairuhusiwi kumviringisha, kumvuta kwa kumzungusha wala kuangusha uzito kwenye miguu ya anayepora. Kumsukuma au kumng'oa kwa kumwinua ni halali.

Namba7
Asanteni sana. Je, kama ni mtu mmoja tu amesimama juu ya mpira, mpinzani hajafika? Si raki bado, kwa hiyo mlinzi anaweza kuzunguka?

Mstari wa Pembeni
Zamani aliweza. Februari 2017 pale Twickenham Italia walikataa kuunda raki dhidi ya Uingereza, wachezaji wao wakawa wanasimama katikati ya namba 9 na wenzake, na ilikuwa halali. Mwaka huohuo sheria ikaanza kubadilishwa. Sasa mtu mmoja akiwa amesimama juu ya mpira ulio chini baada ya mchezaji kuangushwa, mistari ya kuotea ipo tayari, na hapo hata waliolala wanahesabiwa kupima sehemu ya nyuma kabisa. Raki yenyewe bado inahitaji angalau mmoja wa kila timu, wamesimama na wamegusana.

Jambo moja linasahaulika: aliyeotea kwenye raki haondolewi kosa la kuotea na pasi ya wapinzani. Anakuwa huru akirudi nyuma ya mstari wake, au mpinzani akikimbia na mpira mita 5, au akiupiga teke.

Namba7
Kumbe! Hiyo ya pasi ndiyo tulikuwa tunaikosea siku zote.