Nilijua au nilibahatisha?

Msangamkuu_kwetu:
Wakuu naombeni msaada. Juzi nipo ufukweni naona tanga lenye kiraka cha bluu kama la mjomba, nikamwambia shangazi mjomba keshafika, kumbe ile mashua ya jirani nae kashona kiraka kama kile, ila ya mjomba kweli ilikuwepo nyuma yake imefichwa. Sasa hapo nilijua au?

Binti_Mikindani:
Hukujua kaka. Ndo hoja ya mwanafalsafa Edmund Gettier ya 1963, makala ya kurasa tatu tu na ikatikisa watu mpaka leo! Ilikuwa inasemwa kujua ni kuamini, kitu kiwe kweli, na uwe na sababu nzuri. We vyote unavyo na bado ni bahati.

Mkorosho:
Mwanafalsafa mwingine, Alvin Goldman, 1967 akajibu kwamba lile jambo lenyewe ndo likufanye uamini, na mashua ya mjomba haikugusa macho yako kabisa. Napenda hilo jibu ila hesabu je? Namba haisababishi kitu na tunaijua. Mwenyewe alisema anaongelea mambo ya kushuhudia tu, mi naona hapo kaacha nusu ya kazi.

Msangamkuu_kwetu:
Asanteni sana. Na shangazi alieniamini mimi, yeye je?