Trekta mpya inakosa nguvu ikiwa shambani, haijafika hata masaa 50: nimruhusu fundi wa senta au nisubiri wa waranti?

kijana_wa_katunguru

Wakuu mwangaluka, poleni na majukumu. Naomba msaada wa mafundi na wenye trekta hasa wa huku kanda ya ziwa.

Mimi na shemeji yangu tumechanga tumenunua trekta mpya ya HP 50 na plau ya sahani 3, tumechukulia Mwanza mjini, jina la kampuni naliweka pembeni maana bado tunaongea nao. Mita inasoma masaa 38 na kitu. Tuko upande wa Sengerema, tunalima majaruba yetu ya mpunga na tunalimia watu kwa heka. Matatizo ni haya. Asubuhi inapiga kazi safi kabisa, ikifika kama nusu saa chini ya mzigo inaanza kupoteza nguvu, mlio unashuka, unakanyaga mafuta haipandi, mwisho inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka kama hakuna kilichotokea halafu inarudia vilevile. Pili plau inajinyanyua yenyewe, yaani liva sijaigusa lakini ikifika sehemu ngumu inapanda inakwangua juu juu, sehemu laini inazama mpaka tairi zinateleza. Tatu kuna oili inalowanisha ekseli ya nyuma upande wa kushoto, haidondoki ila vumbi linanata pale.

Wauzaji wanasema niilete mjini karakana kwao ama nisubiri fundi wao apate nafasi. Lobedi (lori la kubebea trekta) ni hela ndefu na mvua ndo hizi, watu wameshatoa advansi wanataka walimiwe. Fundi wa hapa senta anasema hiyo ni pampu tu, anaifungua anairegeza kidogo iongeze mafuta, kazi imeisha. Nimruhusu au?

fundi_dizeli_igoma

USIMRUHUSU. Pampu ya nozeli ina sili ya kiwandani, ikikatwa tu waranti yako imekufa hapohapo na hata ungekuwa na haki kiasi gani watakuonyesha hiyo sili. Na tatizo ulilolieleza mara nyingi sio pampu, hasa kwenye trekta mpya. 

Injini inayoanza vizuri, inachoka chini ya mzigo, inazima, inapumzika inawaka tena, hiyo inakosa dizeli njiani. Dizeli inapita kidogo kuliko inavyotumika, ukisimama inajaza taratibu unadhani imepona. Kabla ya kufungua chochote niambie moshi. Ikianza kuchoka inatoa moshi mweusi au haitoi kabisa? Mweusi maana yake hewa haitoshi au mzigo umezidi, angalia filta ya hewa. Kama nguvu inashuka na moshi hakuna, tafuta kwenye mafuta.

Halafu fanya hivi, haya hayagusi waranti: ikizima tu, shuka haraka ufungue mfuniko wa tanki usikilize. Ikivuta hewa "fyuuu" na ikawaka ikaenda vizuri, kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba, tanki linajinyonga lenyewe. Kama sio hilo, angalia kile kikombe chini ya filta ya kwanza, kina koki ya kumwagia. Kinga kwenye chupa ya maji ya kunywa ile nyeupe, iache itulie. Maji yanakaa chini, dizeli juu, utaona mstari wa kuyatenganisha kabisa. Ukimaliza toa upepo kwa ile pampu ya mkono, legeza skrubu ya juu ya filta, pampu mpaka povu liishe, kaza.

Dizeli mnatoa wapi?

HP_za_kwenye_makaratasi

Mimi naona mnakimbilia filta wakati kuna kitu watu hawaambiwi dukani. HP 50 iliyoandikwa kwenye boneti ni ya injini ikiwa kwenye benchi. Ukifika kwenye PTO (ile shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine) imeshapungua, ukifika kwenye tairi shambani imepungua tena. Na sisi tuko juu, uso wa ziwa peke yake uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, injini isiyo na tabo (ile ya kusukumia hewa kwenye injini) inapoteza kama asilimia 10 hivi ya nguvu kwa mwinuko huu kwa sababu hewa ni nyepesi. Sasa uvute sahani 3 kwenye mbuga nyeusi iliyolowa? Utasema trekta bovu kumbe unaionea. Kule kwenye luseni (mchanga) hutaona shida, kwenye itogolo (udongo mgumu) na mbuga (mfinyanzi mweusi) utalia. Toa sahani moja uone, kama plau yako inaruhusu, au shusha gia.

fundi_dizeli_igoma

Mkuu hesabu yako ya mwinuko nakubaliana nayo, lakini mzigo ukizidi injini inachoka kuanzia mita ya kwanza ya shamba na inatoa moshi mweusi kama tanuru la matofali. Haisubiri nusu saa. Huyu nusu saa ya kwanza iko fresh.

mama_choroko_kwimba

Mwanangu pole na hongera kwa kununua. Mimi nina trekta mwaka wa ngapi huu huku Kwimba nalimia pamba na choroko, kwa hiyo nisikilize hilo la plau maana hawa wanaume wameliruka wote.

Pembeni ya kiti kuna liva mbili za haidroliki. Moja inashika kimo, ukiiweka hapo mikono ya kunyanyulia plau inakaa hapo. Nyingine inasikiliza uzito wa udongo, ardhi ikiwa ngumu inanyanyua plau yenyewe ili trekta isizidiwe, ikiwa laini inashusha. Hiyo ndo inayofanya kazi kwako na inafanya kazi yake, haijaharibika, ila imewekwa kali mno. Dereva wengi hawajui tofauti, wanavuta yoyote. Weka ile ya kimo mahali inapotakiwa kwa kulima, halafu hiyo ya pili ishushe kidogo kidogo huku mwenzako anatembea nyuma anaangalia kina, mkipata kina mnachotaka mfunge kile kizuizi cha liva. Toplinki (ule mkono wa juu wa katikati unaoshika plau) nayo ina matundu zaidi ya moja pale inaposhika kwenye trekta, kila tundu lina ukali wake, kitabu kinaonyesha picha. Na plau iwe sawa ukiitazama kwa nyuma, isiinamie pua. Ukisikia inanyanyua kwa kutetemeka tetemeka ndo uangalie oili, maana kwenye trekta nyingi oili ya gia na ya haidroliki ni hiyohiyo, ikipungua mikono inakuwa kama ina homa.

Nati za tairi umekaza? Trekta mpya nati zinalegea masaa ya mwanzo, rangi inakaa katikati ya chuma na chuma halafu inasagika. Kaza za mbele na za nyuma kabla hujalala leo, mimi nimeona ringi ya jirani matundu yametanuka yakawa mayai.

Na la mwisho silisemi kwa ubaya, dereva ni nani na dizeli anajaza nani. Wapo wanaouza dizeli ya bosi kwa lita njiani halafu wanaongeza kitu kingine tanki lionekane limejaa.

kijana_wa_katunguru

Asanteni sana, mama shikamoo. Dereva ni shemeji mwenyewe kwa hiyo hilo la kuiba naliweka pembeni hahaha, nikimuuliza hivyo dada yangu atanifukuza. Dizeli tunanunua kituo cha mafuta Sengerema tunabeba kwa madumu.

Moshi hakuna, tumeangalia wote wawili. Mfuniko tumefungua ikizima, haijavuta hewa. Nati za tairi ya nyuma mbili zilikuwa zinazunguka kwa mkono wakuu!! Plau tumefanya kama mama alivyosema imetulia, sasa hivi inakata kina kimoja mwanzo mwisho.

Kikombe cha filta tumemwaga, chini kuna maji na kitu cha kahawia kinateleza kama utelezi wa mtungi, na chenga chenga za kutu. Baada ya hapo imelima muda mrefu kuliko mwanzo lakini mwishoni ikaanza tena kuchoka. Sasa jamaa wa mauzo nimempigia nikamwambia kuna maji, akabadilika sauti, anasema mafuta machafu hayako kwenye waranti, fundi akija nalipia mimi.

mtu_wa_makaratasi

Hapo ndo ulipoharibu ng'wanawane, umemtajia ugonjwa na dawa kwa simu. Sio mbaya, inarekebishika. Kweli waranti nyingi hazigusi mafuta machafu, lakini jiulize kutu imetoka wapi. Dumu la plastiki halina kutu. Trekta ya masaa 38 haijapata muda wa kushika kutu kwenye tanki ikiwa mikononi mwako. Hizi mashine zinakaa yadi miezi na miezi zikiwa na tanki nusu tupu, usiku baridi mchana joto, unyevu unaganda ndani unakuwa matone. Ndo hoja yako hiyo.

Kwa hiyo: ile chupa usimwage. Piga picha ikiwa na mita ya masaa inaonekana, piga picha ya kikombe, tunza risiti za dizeli. Kisha waandikie, SIO kupiga simu, andika meseji au barua pepe: tarehe, masaa, nini kinatokea, naomba fundi aje shambani, naomba majibu kwa maandishi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina sharti kwamba muuzaji akijua unanunua kitu kwa kazi gani basi kiwe kinafaa kwa kazi hiyo, hata kama karatasi ya waranti haijasema. Wakigoma kabisa kuna Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Ila kwa uzoefu wangu ukishaandika vizuri tu hamfiki huko.

Na daraja la Kigongo Busisi, la kuvukia ziwa toka Mwanza kuja Sengerema, limefunguliwa Juni 2025, ule wimbo wa "fundi amekwama kivuko" haupo tena.

spana_14

Mnamtisha bure mafundi wa senta nao wanajua kazi. Filta anabadilisha yeyote, nunua original weka toa upepo lima. Wakati mnaandika barua mvua inaisha.

fundi_dizeli_igoma

@spana_14 filta sawa, hata mimi ningebadilisha, na ile ya zamani uiweke kwenye mfuko usiitupe. Hoja ni tanki. Kama uchafu uko chini ya tanki filta mpya itaziba wiki ijayo. Tanki lishushwe lioshwe, na hilo afanye wa waranti akiwa anaona kwa macho yake.

Madumu: acha dizeli itulie usiku mzima, mimina kwa kitambaa au chujio, usimimine mpaka tone la mwisho. Na jaza tanki jioni mkimaliza kazi, tanki likijaa usiku hakuna nafasi ya unyevu kuganda.

kijana_wa_katunguru

Mrejesho. Niliandika kama mkuu wa makaratasi alivyoelekeza nikaambatanisha picha ya chupa, kesho yake wakapiga wao. Fundi amekuja na pikapu, ameshusha tanki, chini kuna utando wa kutu na vipande vya rangi. Hakubisha sana. Wameosha, wamebadilisha filta zote mbili, hatujalipa kitu. Ekseli ilikuwa bolti hazijakazwa sawasawa, amekaza, kasema nikiona bado inalowana baada ya kuifuta kavu watabadilisha sili. Tumelima kutwa nzima haijachoka. HP_za_kwenye_makaratasi na wewe hujakosea, kule kwenye mbuga kwa mzee mmoja ilibidi tushuke gia.

Swali la mwisho, sevisi ya masaa 50 inakaribia, fundi kasema oili ya injini inamwagwa yote, mbona bado safi?

fundi_dizeli_igoma

Safi kwa macho. Injini mpya vyuma vinasuguana vinatafutana, unga wa chuma unaingia kwenye oili na unakwama kwenye filta, ndo maana ya kwanza inamwagwa mapema. Fuata kitabu, na kwenye trekta nyingi filta ya haidroliki nayo inabadilishwa hapo hapo. Mwambie akupigie muhuri kwenye kitabu cha sevisi na aandike masaa, bila hiyo waranti ya mbele utaisikia redioni. Na mpaka hapo usiiache inanguruma bure chini ya mti, injini mpya haipendi kukaa sailensa (mlio wa chini bila kazi) muda mrefu, inaanza kula oili.