Naomba ushauri wa andiko: serikali ikitoa fedha ili watu waoe na wazae, watoto wanaongezeka kweli?

Mwanamipango_Miyuji
Wakuu, habari za jioni. Naandaa andiko la shahada ya uzamili hapa Dodoma kuhusu fedha ambazo serikali hutoa ili watu waoe na wazae. Nchi nilizochagua ni Hungary na Korea Kusini. Maswali yangu ni mawili. Nipime kwa idadi ya watoto waliozaliwa, au kwa wastani wa watoto kwa kila mwanamke? Pili, sura ya mwisho lazima iihusu Tanzania. Kwetu utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulitoa wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, na hakuna anayelipwa ili azae. Sura hiyo niijenge juu ya nini? Natanguliza shukrani.

Mtakwimu_Makole
Mkuu, idadi ya watoto usiitumie peke yake. Hungary mwaka 2010 walizaliwa watoto karibu 90,000, na 2021 karibu 93,000. Ukiishia hapo utasema sera haikugusa kitu. Lakini katika kipindi hichohicho wastani kwa mwanamke ulipanda kutoka 1.25 hadi karibu 1.6. Wanawake wenyewe ndio waliopungua, kwa sababu wale wengi waliozaliwa miaka ya 1970 walikuwa wanatoka kwenye umri wa kuzaa.

Ila na huo wastani wa mwaka una mtego wake, na hapa ndipo maandiko mengi yanapoanguka. Mwanamke aliyepanga kuzaa akiwa na miaka 31, akavutwa na mkopo wa serikali kwa wanandoa akazaa akiwa na 28, anapandisha kiwango cha mwaka huo. Baada ya miaka mitatu kiwango kinashuka, kwa kuwa mtoto wake alishahesabiwa. Idadi ya watoto aliozaa maishani haijabadilika, kilichobadilika ni tarehe. Hungary yenyewe mwaka 2024 ilirudi takriban 1.4, watoto wapatao 77,500.

Kutenganisha hayo mawili, tumia fomula ya wanademografia Bongaarts na Feeney ya 1998. Chukua kiwango cha watoto wa kwanza peke yake, cha wa pili peke yake, na kuendelea. Kwa kila kundi tafuta umri wa wastani wa mama umesogea kwa kiasi gani ndani ya mwaka. Toa kiasi hicho kwenye 1, kisha gawanya kiwango kwa jibu. Kama kiwango cha watoto wa kwanza ni 0.70 na umri umepanda kwa mwaka 0.1, unapata 0.70 ÷ 0.9 = 0.78. Umri ukishuka, badiliko ni hasi na kiwango kilichorekebishwa kinakuwa kidogo kuliko cha awali. Mwisho jumlisha makundi yote. Usiirukie jumla moja kwa moja, utapata namba isiyo na maana. Na kwa kuwa matokeo yake huyumba mwaka hadi mwaka, tumia wastani wa miaka mitatu au zaidi.

Takwimu za mpangilio wa watoto (wa kwanza, wa pili na kuendelea) zipo Human Fertility Database, hifadhidata ya mtandaoni ya takwimu za uzazi, unajisajili bure. Angalia pia rika: wanawake waliozaliwa mwaka fulani wamefikisha watoto wangapi wakiwa na miaka 40. Mkopo wa Hungary ulianza 2019, kwa hiyo wengi waliouchukua hawajamaliza kuzaa. Hilo liandike waziwazi kwenye mipaka ya utafiti, wakaguzi watalitafuta.

Nzuguni_Sera
Naongezea upande wa masharti, maana "serikali inatoa fedha" ni kauli pana mno. Mkopo wa Hungary wa Julai 2019 ulikuwa hadi forint milioni 10, kwa wanandoa tu, mke awe na miaka 18 hadi 40, na angalau mmoja wao awe na miaka mitatu ya michango ya hifadhi ya jamii. Mtoto apatikane ndani ya miaka mitano. Akizaliwa wa kwanza, marejesho yanasimama miaka mitatu na mkopo unabaki bila riba. Wa pili anafuta asilimia 30 ya deni lililobaki. Wa tatu anafuta lote. Asipopatikana mtoto, riba inapanda na wanarudisha ruzuku waliyokwishapata.

Soma sharti la michango hapo. Limemwacha nje asiye na ajira rasmi kabla hajafika dirishani. Halafu linganisha na Poland, ambako tangu Aprili 2016 familia zilipewa zloty 500 kwa mwezi kwa kila mtoto kuanzia wa pili, bila kudai ndoa. Wastani ulitoka karibu 1.3 mwaka 2015 hadi 1.45 mwaka 2017, na kufikia 2023 ulikuwa chini ya 1.2, ingawa tangu 2019 fedha hizo zilikuwa za watoto wote. Ningekuwa mimi, Poland ningeiweka kama nchi ya tatu, kwa sababu inakuonyesha fedha bila sharti la ndoa.

Usisahau Australia. Malipo ya dola 3,000 za huko kwa mtoto yalitangazwa Mei 2004 yaanze Julai 1. Wachumi Gans na Leigh walikokotoa kuwa vizazi zaidi ya 1,000 vilicheleweshwa ili vivuke tarehe hiyo, vingi vikiwa vya upasuaji wa kupangwa na vya kuanzishiwa uchungu. Ukilinganisha Juni na Julai bila kujua hilo, umeharibu hesabu yote.

Mwanamipango_Miyuji
Nimewapata vizuri sana. Korea Kusini ilitoka 0.72 mwaka 2023 hadi 0.75 mwaka 2024. Naruhusiwa kusema ni ruzuku?

Mtakwimu_Makole
Hapana, si kwa mwaka mmoja. Ndoa zilizosajiliwa huko 2024 ziliongezeka kwa karibu asilimia 15. Sehemu ni harusi zilizoahirishwa wakati wa Uviko, sehemu ni waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao ni wengi, kuingia miaka ya thelathini. Watoto wa nje ya ndoa kule ni wachache sana, hivyo ndoa zikipanda, vizazi hufuata. Ondoa hayo kwanza, kinachobaki ndicho unaweza kukijadili.

Wakili_AreaD
Kuhusu Tanzania, dada au kaka, anza na swali la nani angehesabiwa ameoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kimila na ya wake wengi, na ndoa haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Kifungu cha 160 kinadhania kuna ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ukidai cheti, umewatoa wengi vijijini. Usipodai, mtendaji wa kijiji ndiye atakayeamua, na hapo rushwa ina mlango. Korea ilipata shida ya upande wa pili: kikomo cha kipato cha mume na mke kwa pamoja kwenye mikopo ya nyumba kiliwafanya waliofunga harusi wacheleweshe kusajili ndoa.

KijanaWaBahi
Na mahari je? Huku kwetu Ugogoni ni ng'ombe na mbuzi. Wazazi wakijua kila kijana anayeoa anapewa fedha, mahari haitabaki ilipo.

Nzuguni_Sera
KijanaWaBahi ameugusa moyo wa sura ya mwisho. Mwanamipango, ruzuku ya ndoa huishia kwa yule anayepanga bei. Uliza wazee wa Bahi na Chamwino mahari ni mifugo mingapi, inalipwa kwa awamu au mara moja, na nani anachangia. Njia ya kuwapunguzia kodi wanaooa na kuzaa isikupoteze: mshahara hadi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, na mkulima wa mtama na alizeti hayumo kwenye orodha ya mishahara. Kilichopo kisheria kwa mwajiriwa ni likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, na baba siku 3. Malipo ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, yaweke kando yake, kwa maelezo kuwa yanalenga umaskini wa kaya. Dodoso lako litenganishe gharama ya kuoa na gharama ya kulea, na uulize kila moja kwa mwanamume na mwanamke, kila mmoja peke yake.